Joseph Royal na Hatima ya Kifaransa katika Manitoba

Utangulizi

Wahenga walituasa kwamba wengi wape, na usipowapa watajitwalia wenyewe. Aghalabu methali hii hutajwa baada ya kura kuhesabiwa, wakati walioshindwa wanapoombwa wanyamaze na kukubali matokeo. Hata hivyo, methali yenyewe haituelezi wachache wanabaki na nini baada ya wengi kupewa. Je, lugha yao ibaki na haki gani bungeni, mahakamani na darasani? Na haki hiyo, hata ikiandikwa katika sheria, italindwa na nani pindi idadi ya wasemaji wake inapopungua?

Mtu mmoja aliyeishi maisha yake yote ndani ya maswali haya ni Joseph Royal (1837-1902), mwanahabari, wakili na mwanasiasa wa Kanada. Ndiye aliyeanzisha gazeti la kwanza la Kifaransa katika eneo la magharibi mwa nchi hiyo. Ndiye pia aliyekuwa Spika wa kwanza wa Bunge la mkoa wa Manitoba. Alifika Manitoba wakati wasemaji wa Kifaransa walipokuwa takriban nusu ya wakazi wote. Alipofariki, walikuwa wamegeuka kuwa jamii ndogo iliyopokonywa lugha yake katika ofisi zote za serikali. Makala haya yanasimulia maisha yake na kujaribu kupima alichofanikiwa kukijenga, alichoshindwa kukilinda, na kile kilichosalia baada yake. Kwetu sisi tunaojifunza lugha na fasihi, kisa hiki kina uzito wa pekee, kwa sababu kinahusu uhai wa lugha nje ya kurasa za sarufi.

Kuzaliwa na Malezi

Joseph Royal alizaliwa tarehe 7 Mei 1837 katika kijiji cha Repentigny, karibu na mji wa Montreal, katika koloni lililoitwa Kanada ya Chini, ambalo leo ni Quebec. Mwaka huo haukuwa wa kawaida. Katika miezi yake ya mwisho, wazalendo wa Kifaransa waliasi utawala wa Waingereza. Uasi huo ulizimwa kwa mtutu wa bunduki, na mnamo 1839 Lord Durham, aliyekuwa ametumwa na serikali ya Uingereza kuchunguza chanzo chake, alitoa ripoti iliyopendekeza Wafaransa wa Kanada wamezwe taratibu na jamii ya Waingereza. Mnamo 1841 koloni mbili za Kanada ziliunganishwa kuwa moja, na sheria ya muungano ikaufanya Kiingereza kuwa lugha ya pekee ya kumbukumbu za bunge. Kifungu hicho kilifutwa mwaka wa 1848 baada ya wanasiasa wa Kifaransa kukipinga kwa miaka kadhaa.

Hivyo basi, utoto wa Royal ulikwenda sambamba na kuanguka na kuinuka kwa lugha ya mama yake katika maisha ya umma. Alikuwa na umri wa miaka minne lugha hiyo iliposhushwa hadhi, na miaka kumi na mmoja iliporejeshewa hadhi hiyo. Kizazi chake kilikua kikiamini mambo mawili: kwamba lugha inaweza kuuawa kwa sheria, na kwamba inaweza kufufuliwa kwa sheria. Imani hiyo ya pili ndiyo iliyoongoza kazi zake zote, na ndiyo pia iliyokuja kumvunja moyo.

Alisoma katika Chuo cha Sainte-Marie mjini Montreal, kilichoendeshwa na mapadri wa shirika la Yesu. Kisha akajifunza uwakili katika ofisi ya George-Étienne Cartier, mmoja wa wanasiasa mashuhuri wa Kifaransa wa wakati huo na miongoni mwa waasisi wa shirikisho la Kanada la mwaka wa 1867. Alikubaliwa kuwa wakili mnamo 1864. Hata hivyo, wino wa gazeti ulikuwa umemvuta kabla ya joho la uwakili. Aliandika katika gazeti la La Minerve mwishoni mwa miaka ya 1850, akashiriki kuanzisha gazeti la L'Ordre, na mwaka wa 1864 akawa miongoni mwa waliozindua jarida la La Revue canadienne, lililodumu hadi karne ya ishirini. Mnamo 1867 alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa Le Nouveau Monde. Magazeti haya yaliegemea upande wa Kanisa Katoliki, na Royal mwenyewe alikuwa Mkatoliki mwenye msimamo mkali. Kwake yeye, dini na lugha vilikuwa pacha wasiotenganishwa.

Safari ya Magharibi

Ili kuelewa kwa nini kijana aliyekuwa na jina zuri mjini Montreal alihamia nyika za magharibi, ni sharti tuitazame hali ya huko. Kandokando ya Mto Red palikuwa na makazi ya Wametisi, watu waliotokana na ndoa za wafanyabiashara wa ngozi na wanawake wa jamii za wenyeji wa asili. Wengi wao walisema Kifaransa na walikuwa Wakatoliki. Wengine walisema Kiingereza. Mnamo 1869 Kampuni ya Hudson's Bay ilikubali kuikabidhi Kanada ardhi hiyo bila kuwashauri waliokuwa wakiishi juu yake. Wametisi wa Kifaransa, wakiongozwa na Louis Riel, wakawazuia wapimaji wa ardhi waliotumwa na serikali, kisha wakaunda serikali yao ya muda na kudai masharti.

Masharti hayo yalizaa Sheria ya Manitoba ya mwaka wa 1870. Kifungu cha 22 kililinda shule za madhehebu ya dini. Kifungu cha 23 kiliruhusu Kiingereza na Kifaransa kutumiwa bungeni na mahakamani, na kikaamuru kwamba kumbukumbu na sheria za bunge ziandikwe kwa lugha zote mbili. Hesabu ya watu ya mwaka huo ilionyesha wakazi 11,963. Kati yao, Wametisi wa Kifaransa walikuwa takriban 5,700 na wale wa Kiingereza takriban 4,000, ilhali Wazungu walikuwa kiasi cha 1,500 tu. Kwa hiyo usawa wa lugha mbili uliafiki hali halisi ya watu waliokuwapo, wala haikuwa hisani kwa mtu yeyote.

Tatizo lilikuwa viongozi. Riel alilazimika kutoroka baada ya jeshi la Kanada kuwasili mnamo Agosti 1870, kwa kuwa serikali yake ilikuwa imemuua Thomas Scott, mfungwa kutoka Ontario, na watu wa mkoa huo walidai kisasi. Wametisi walikuwa wawindaji hodari, wasafirishaji na wakulima, lakini wenye elimu ya sheria na ya uandishi miongoni mwao walikuwa wachache mno. Askofu Alexandre-Antonin Taché wa Saint-Boniface aliona kwamba haki zilizoandikwa zitabaki karatasi tupu zikikosa watu wa kuzisimamia. Akawaita vijana wasomi kutoka Quebec. Royal aliitikia mwito huo mnamo 1870, na mwezi wa Desemba mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la kwanza la Manitoba.

Gazeti la Le Métis

Tarehe 27 Mei 1871, Royal alitoa toleo la kwanza la gazeti la kila wiki aliloliita Le Métis, yaani Mmetisi. Uteuzi wa jina hilo ulikuwa tamko la kisiasa. Wakati ule, katika magazeti ya Ontario, Mmetisi alichorwa kama mwasi na mshenzi. Royal alilichukua jina lililotumiwa kwa dharau, akaliweka juu ya ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa.

Gazeti hilo lilikuwa na kazi tatu kuu. Kwanza, lilidai msamaha kwa Riel na wenzake, likisisitiza kwamba serikali ya Kanada ilikuwa imeahidi kutowashtaki. Pili, lilifuatilia suala la ardhi. Sheria ya Manitoba ilikuwa imetenga ekari 1,400,000 kwa ajili ya watoto wa Wametisi, lakini ugawaji wake ulicheleweshwa mwaka baada ya mwaka. Tatu, liliwahimiza wasemaji wa Kifaransa wa Quebec, pamoja na wale waliokuwa wamehamia viwanda vya nguo vya kaskazini mashariki mwa Marekani, waje kuishi Manitoba ili idadi ya jamii yao isizidiwe. Mnamo 1874 viongozi wa jamii hiyo walianzisha chama cha kuhimiza uhamiaji huo.

Ni vyema tukumbuke mazingira ya kazi hiyo. Gazeti lilichapishwa kwa ajili ya watu waliotawanyika katika parokia za mbali, na wengi wa wale ambao jina lao lilibebwa nalo hawakujua kusoma. Katika karne hiyo, gazeti dogo la pembezoni halikuweza kuishi kwa ada za wasomaji pekee. Lilihitaji kandarasi za kuchapisha nyaraka za serikali. Maadamu sheria ilitaka nyaraka hizo zitolewe kwa Kifaransa pia, mitambo ya Kifaransa ilikuwa na kazi. Haki ya lugha, uhai wa gazeti na sauti ya jamii vilifungwa kwa uzi mmoja. Uzi huo ungekatwa mahali popote, vyote vitatu vingetikisika.

Spika, Wakili na Waziri

Bunge la kwanza la Manitoba lilikutana tarehe 15 Machi 1871 katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja, kwa kuwa mkoa haukuwa na jengo lake. Lilikuwa na viti 24: kumi na viwili vya maeneo ya Kifaransa na kumi na viwili vya maeneo ya Kiingereza. Royal alichaguliwa kuwa Spika. Katika mwaka huo wa kwanza sheria ya elimu ilipitishwa, ikiweka bodi moja yenye sehemu mbili, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, kila upande ukisimamia shule zake. Katika shule za Wakatoliki, mtoto wa Mmetisi angeweza kusomeshwa kwa Kifaransa.

Mnamo 1874 Royal alivaa joho la wakili katika kesi iliyotikisa nchi nzima. Ambroise Lépine, msaidizi wa Riel, alishtakiwa kwa mauaji ya Thomas Scott. Royal alimtetea akiwa pamoja na Joseph-Adolphe Chapleau, wakili mashuhuri aliyetoka Quebec. Lépine alipatikana na hatia na kuhukumiwa kunyongwa, lakini mwanzoni mwa 1875 Gavana Mkuu, Lord Dufferin, alibadilisha adhabu hiyo kuwa kifungo cha miaka miwili. Kwa Wametisi, kesi hiyo ilidhihirisha kwamba gazeti lao halikuwa porojo: mwenye gazeti alikuwa tayari kusimama kizimbani pamoja nao.

Kati ya mwaka wa 1872 na 1879 Royal alishika nyadhifa mbalimbali katika serikali ya mkoa, zikiwemo zile za Waziri wa Ujenzi wa Umma na Mwanasheria Mkuu. Kazi yake iliyodumu zaidi ilikuwa sheria ya mwaka wa 1877 iliyounda Chuo Kikuu cha Manitoba, cha kwanza katika Kanada ya magharibi. Aliuwasilisha mswada wake bungeni, na akawa naibu wa chansela wa kwanza hadi 1888. Chuo hicho kiliunganisha vyuo vitatu: cha Wakatoliki wa Kifaransa huko Saint-Boniface, cha Waanglikana na cha Wapresbiteri. Kila kimoja kilibaki na mafundisho yake, huku shahada zikitolewa kwa pamoja. Mpango huu unatuonyesha jinsi Royal alivyoyafikiria mahusiano ya jamii mbili: kila moja na nyumba yake, katika boma moja.

Wengi Wanapojitwalia

Wakati Royal akijenga, ardhi ilikuwa ikisogea chini ya miguu yake. Wahamiaji kutoka Ontario walimiminika kila mwaka. Kuanzia 1874 walifika pia wakulima Wamenoni kutoka himaya ya Urusi, waliosema Kijerumani. Wasemaji wa Kifaransa wa Quebec hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Wametisi wenyewe, waliochoshwa na ahadi za ardhi zisizotimizwa na kuzongwa na wanunuzi wa hati waliozilipia bei duni, walianza kuhama kuelekea bonde la Mto Saskatchewan.

Takwimu hizo zilijitokeza bungeni mapema. Mnamo 1874 viti 24 viligawanywa upya: nane kwa Wafaransa, nane kwa wakazi wa zamani wa Kiingereza, na nane kwa wahamiaji wapya. Kutoka nusu, jamii ya Royal ikashuka hadi theluthi. Mnamo 1876 baraza la juu la bunge, ambalo lilihesabiwa kuwa ngome ya wachache, lilivunjwa ili mkoa upate msaada zaidi wa fedha kutoka serikali kuu. Royal alikuwa ndani ya serikali iliyopitisha hatua hiyo. Hapa ndipo mtazamaji wa leo anaposita. Je, aliamini kwamba urafiki wa mawaziri wenzake ulikuwa ngome imara kuliko baraza lenyewe? Matukio ya miaka mitatu baadaye yalitoa jibu.

Kiongozi wa serikali kuanzia mwishoni mwa 1878 alikuwa John Norquay, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya wenyeji wa asili na alisema Kiingereza. Royal aliona kwamba wasemaji wa Kifaransa hawakuwa wakipewa uzito uliostahili. Mnamo Mei 1879 alijaribu kuwatumia wabunge wake kama kundi moja, akishirikiana na kiongozi wa upinzani, ili kumwangusha Norquay. Mpango huo ulimgeukia. Wabunge wa Kiingereza wa pande zote mbili waliungana nyuma ya Norquay. Royal na mwenzake Pierre Delorme, waziri Mmetisi, wakalazimika kujiuzulu. Mara moja serikali mpya ikapitisha mswada wa kukomesha uchapishaji wa nyaraka nyingi za umma kwa Kifaransa. Luteni Gavana Joseph-Édouard Cauchon, ambaye alikuwa mwakilishi wa Malkia katika mkoa, aliuzuia mswada huo na haukupata kuwa sheria.

Katika siku chache hizo, hesabu ya kisiasa ya miaka tisa iliporomoka. Royal alikuwa amedhani kwamba Waingereza watabaki wamegawanyika katika vyama, na kwamba Wafaransa wachache walioshikamana wataelemeza mizani. Hakutarajia kwamba mshikamano wa wachache unaweza kuwaunganisha wengi. Norquay baadaye aliwarejesha wasemaji wa Kifaransa katika serikali yake, lakini kila mtu alikuwa amekwisha kuona kwamba haki za Kifungu cha 23 zilikuwa zikining'inia kwenye sahihi ya mtu mmoja.

Royal alihamia Bunge la Kanada mjini Ottawa mwaka huohuo wa 1879, akiwakilisha jimbo la Provencher, jimbo lilelile lililowahi kumchagua Riel. Mnamo 1881 aliuza gazeti lake kwa Alphonse La Rivière, naye akalibadilisha jina likawa Le Manitoba. Badiliko hilo lilisema mengi. Jina la watu likaondolewa, jina la mkoa likawekwa. Wametisi walikuwa wameondoka, na walioshika usukani wa jamii ya Kifaransa sasa walikuwa mawakili, mapadri na wafanyabiashara kutoka Quebec. Hatuwezi kumlaumu Royal peke yake kwa hilo, lakini hatuwezi pia kumwondolea sehemu yake. Yeye na wenzake waliilinda lugha kwa ustadi mkubwa kuliko walivyowalinda wasemaji wake wa kwanza. Wakati Wametisi wa Saskatchewan walipochukua silaha mnamo 1885 wakidai ardhi, madai yao yalikuwa yaleyale yaliyojaza kurasa za gazeti la 1871. Riel alinyongwa mjini Regina tarehe 16 Novemba 1885.

Regina

Mnamo 1888 Waziri Mkuu John A. Macdonald alimteua Royal kuwa Luteni Gavana wa Maeneo ya Kaskazini-Magharibi, eneo kubwa lililojumuisha mikoa ya leo ya Saskatchewan na Alberta. Makao yake yalikuwa Regina, mji alimonyongewa Riel. Sheria ya eneo hilo pia iliruhusu matumizi ya Kifaransa katika baraza na mahakama. Mwaka huo wa kwanza, Royal alilifungua baraza kwa hotuba iliyosomwa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Kitendo hicho kilikuwa halali kabisa, lakini kiliwachukiza wengi miongoni mwa walowezi, waliokiona kuwa uchokozi.

Upepo ulikuwa umebadilika kote nchini. Mnamo 1889 mwanasiasa wa Ontario, D'Alton McCarthy, alizunguka akihubiri kwamba taifa haliwezi kuwa moja likiwa na lugha mbili. Huko Manitoba serikali ya Thomas Greenway ilikomesha toleo la Kifaransa la gazeti rasmi la serikali, na mnamo 1890 ikapitisha sheria mbili zilizobomoa kila kitu ambacho Royal alikuwa amesaidia kujenga. Moja ilikifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya bunge na mahakama. Nyingine iliondoa mfumo wa shule wenye sehemu mbili. Safari hii hapakuwa na Luteni Gavana wa kuzizuia. Royal alizisikia habari hizo akiwa Regina, hana kiti bungeni wala gazeti mkononi. Mnamo 1892 baraza la eneo lake mwenyewe, likiongozwa na Frederick Haultain, lilipitisha azimio la kutumia Kiingereza pekee katika shughuli zake. Mtu aliyekuwa Spika wa kwanza wa bunge la lugha mbili akawa shahidi wa kufa kwake mara mbili ndani ya miaka miwili.

Kurejea Montreal

Muhula wake ulipomalizika mnamo 1893, Royal alirudi Montreal na kuishika tena kalamu, katika gazeti la La Minerve alimoanzia ujanani. Mnamo 1894 alichapisha kitabu kidogo kiitwacho Le Canada, république ou colonie, ambamo alipendekeza Kanada ijitegemee badala ya kuendelea kuwa chini ya Uingereza. Rai hiyo iliwashangaza wengi, kwa kuwa ilitoka kwa mtu aliyekuwa amemwakilisha Malkia miezi michache tu awali, na iliwakera watu wa chama chake cha Wahafidhina. Lakini tukiyafuatilia maisha yake, hatushangai sana. Alikuwa ameona mara kadhaa jinsi dhamana za Uingereza na za Ottawa zilivyoyeyuka zilipohitajika.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kuandika historia ya Kanada kuanzia 1841 hadi 1867. Huo ndio muda wa kukua kwake mwenyewe, kuanzia sheria iliyoishusha hadhi lugha yake hadi shirikisho lililoipa matumaini. Alifariki tarehe 23 Agosti 1902 mjini Montreal, akiwa na umri wa miaka 65. Historia hiyo ilichapishwa mnamo 1909, miaka saba baada ya kifo chake.

Kilichosalia

Kama maisha ya Royal yangepimwa mwaka aliofariki, hukumu ingekuwa kwamba alishindwa. Mnamo 1916 hali ilizidi kuwa mbaya pale Manitoba ilipopiga marufuku hata mafundisho ya lugha mbili yaliyokuwa yameruhusiwa kwa mapatano ya miaka ya 1890. Kwa nusu karne walimu wa Kifaransa walifundisha lugha yao kwa hila, wakivificha vitabu mkaguzi alipobisha hodi.

Hata hivyo, Kifungu cha 23 hakikuwa kimefutwa. Sheria ya 1890 ilikuwa imekikanyaga tu. Hakimu mmoja wa Saint-Boniface alitamka mnamo 1892 kwamba sheria hiyo ilikiuka katiba, na tamko kama hilo likarudiwa mnamo 1909. Serikali ya mkoa ikayapuuza yote mawili. Kisha mnamo 1976 mkazi wa Saint-Boniface, Georges Forest, alipewa hati ya faini ya kuegesha gari iliyoandikwa kwa Kiingereza pekee, akakataa kuilipa. Kesi yake ilifika katika Mahakama ya Juu ya Kanada, ambayo mnamo Desemba 1979 iliamua kwamba sheria ya 1890 ilikuwa batili. Mnamo 1985 mahakama hiyohiyo ikatamka kwamba sheria zote za Manitoba zilizotungwa kwa Kiingereza pekee hazikuwa halali, ikazipa uhai wa muda tu hadi zitafsiriwe. Na mnamo 1988, miaka mia moja tangu Royal asome hotuba yake ya lugha mbili mjini Regina, mahakama iliamua kwamba haki ya Kifaransa ilikuwa bado hai kisheria katika Saskatchewan, ingawa bunge la mkoa huo liliharakisha kuiondoa.

Hitimisho

Tumeyaona maisha ya mtu aliyeamini kwamba lugha ya wachache huishi kwa nguzo nne: gazeti, shule, bunge na mahakama. Alisaidia kuzisimamisha zote nne katika muda usiozidi miaka kumi, na aliishi kuona karibu zote zikianguka. Kosa lake, kama tunavyoliona sisi, halikuwa kujenga nguzo hizo. Kosa lilikuwa kutegemea mno mapatano ya wakubwa, huku wasemaji walioibeba lugha hiyo nyikani wakipoteza ardhi yao na kuhama mmoja baada ya mwingine. Lugha isiyo na ardhi ya kusimamia huwa mgeni hata mahali ilipozaliwa.

Pamoja na hayo, maandishi yana ukaidi wake. Wengi walijitwalia bunge, shule na ofisi, lakini hawakuweza kukifuta kifungu kilichoandikwa mwaka wa 1870. Kifungu hicho kililala kwa miaka 90 kikisubiri mtu wa kukiamsha, na aliyekiamsha hakuwa waziri wala askofu bali raia aliyekasirishwa na kipande cha karatasi kwenye kioo cha gari lake. Mtaalamu yeyote wa lugha anayeshiriki kutunga sera au sheria afaa kuyakumbuka mambo haya mawili kwa pamoja: kwamba sheria bila watu haisimami, na kwamba watu bila sheria hawana pa kurudi wanapoamka.